Tuanze na Vijiumbe vya Ziwa Letu
Barua ya wazi kwa COSTECH na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Hamugembe, Bukoba

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

YAH: MAABARA YA VIJIUMBE VYA USANISINURU KATIKA KAMPASI YA KAGERA

Waheshimiwa,

Kampasi ya Kagera ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inajengwa chini ya mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, nasi wakazi wa Bukoba na Muleba tunaushukuru uamuzi huo. Lakini majengo yatakapokamilika litabaki swali ambalo saruji na nondo haziwezi kulijibu: ni utafiti gani utakaofanyika hapa kwa sababu hapa ndipo mahali pake? Naandika kupendekeza jibu moja. Dunia kwa sasa inajifunza kutumia vijiumbe vinavyoishi kwa mwanga wa jua, hasa sianobakteria, kutengeneza ethanoli, rangi, malighafi za plastiki na kemikali nyingine. Vijiumbe vya jamii hiyo vimejaa katika Ziwa Viktoria, Ikimba na Burigi. Naomba Kagera ianzishe maabara ya kuvikusanya, kuvitambua, kuvihifadhi na, kwa wakati wake, kuviboresha. Naomba pia maabara hiyo isianzishwe kwa ahadi ya mafuta ya bei rahisi, kwa sababu ahadi hiyo imekwisha kujaribiwa na watu wenye fedha nyingi kuliko sisi, nayo haikutimia.

Msingi wa teknolojia hii hauko mbali na maarifa ya mkoa huu. Anayetengeneza rubisi hukamua ndizi mbivu, akachanganya na mtama, kisha akaiachia hamira ya asili kazi ya kugeuza sukari kuwa pombe. Hamira hiyo inahitaji kulishwa sukari, na sukari inahitaji mgomba, mgomba unahitaji shamba. Sianobakteria hujitengenezea sukari wenyewe kutokana na maji, hewa ukaa na mwanga. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichukua jeni mbili za bakteria aitwaye Zymomonas mobilis, ambaye hupatikana pia katika pombe ya mnazi, wakaziingiza ndani ya sianobakteria. Kijiumbe hicho kikaanza kutoa ethanoli moja kwa moja kutokana na mwanga. Miaka mitatu kabla ya hapo, Wajapani wa taasisi ya Kazusa walikuwa wamesoma jenomu nzima ya Synechocystis, kiumbe wa kwanza wa usanisinuru kusomwa hivyo. Mwaka 2009 maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ikaonyesha kwamba vijiumbe hivi vinaweza kutoa pia isobutanoli, aina ya alkoholi inayokaribia petroli kwa nguvu. Kwa hiyo swali la kama jambo hili linawezekana lilijibiwa zamani. Swali lililobaki ni la kiasi, gharama na faida.

Hapo ndipo hesabu inapotulazimisha kuwa wakweli. Kampuni ya Joule Unlimited ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilitangaza kwamba ingezalisha galoni 25,000 za ethanoli kwa eka moja kwa mwaka, yaani zaidi ya lita 94,000. Tuipime kauli hiyo kwa jua letu wenyewe. Mita moja ya mraba katika ukanda wa ikweta hupokea kila siku nishati ya jua inayokaribia uniti 5 za umeme, na lita moja ya ethanoli hubeba karibu uniti 6. Ili kufikia lita hizo, kijiumbe kingepaswa kugeuza zaidi ya asilimia 7 ya mwanga wote unaoangukia eka hiyo kuwa mafuta, mwaka mzima, bila kuugua, bila kupumzika na bila kutumia chochote kwa ukuaji wake. Katika mabwawa na mirija halisi, asilimia moja hadi tatu ndiyo hali ya kawaida. Joule ilifunga milango mwaka 2017. Algenol ya Florida, iliyofuata njia hiyohiyo ya ethanoli na kupewa dola milioni 25 na Wizara ya Nishati ya Marekani, ilipunguza wafanyakazi mwaka 2015 na kugeukia bidhaa nyingine. ExxonMobil iliingia mwaka 2009 ikishirikiana na Synthetic Genomics kwa ahadi ya hadi dola milioni 600. Mwaka 2017 watafiti wao walifanikiwa kuongeza maradufu mafuta yaliyomo ndani ya mwani. Mafanikio hayo yalikuwa ya kweli, lakini mapema mwaka 2023 kampuni ilijitoa hata hivyo.

Nataja historia hii kwa sababu Tanzania imewahi kuumizwa na ndoto ya nishati mimea. Miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea ukingoni tuliambiwa kwamba mbono utatuletea dizeli na ajira. Huko Kisarawe, Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, na mwaka 2011 mradi ukaanguka. Kilwa, kampuni ya BioShape kutoka Uholanzi ilipata karibu hekta 34,000, ikapanda sehemu ndogo tu, kisha ikafilisika. Wanavijiji walibaki bila mafuta na bila uhakika wa ardhi yao. Sasa Kagera inapitiwa na bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, kupitia Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo. Limesanifiwa kubeba kama mapipa 216,000 kwa siku. Tukikadiria kwamba vijiumbe vyetu vitageuza asilimia mbili ya mwanga, eka moja itatoa kama lita 25,000 za ethanoli kwa mwaka. Kufikia ujazo wa bomba hilo pekee kutahitaji karibu eka 500,000 za vyombo vya kioo au plastiki, eneo kubwa kuliko kisiwa cha Unguja, hata kabla ya kukumbuka kwamba lita ya ethanoli ina nguvu pungufu kuliko lita ya mafuta ghafi. Katika mkoa ambao kibanja cha familia kinagawanywa kati ya watoto mpaka kinabaki migomba michache, ardhi ya namna hiyo haipo na haifai kutafutwa. Mwenye kiu ya nishati ya jua aweke paneli, ambazo hugeuza asilimia 15 hadi 20 ya mwanga kuwa umeme.

Kama ni hivyo, kwa nini nisikomee hapo? Kwa sababu mafuta ni bidhaa inayouzwa kwa wingi mkubwa na kwa bei ndogo, na hivyo kasoro yoyote ya uzalishaji huitosa. Kemikali nyingi zina tabia tofauti. Rangi ya buluu inayotolewa katika spirulina, kijiumbe kilekile kinachowalisha heroe katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, iliruhusiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 2013 kutumika katika peremende. Huuzwa kwa kilo, kwa bei ambayo mtu wa petroli hawezi kuiota. Kijiumbe kinachotoa kilo chache za kitu adimu hakihitaji Unguja nzima. Kinahitaji kiwanja, maji safi, chanzo cha hewa ukaa, kama gesi za viwanda vya sukari, na watu wanaojua wanachokifanya. Sisemi kwamba soko la kemikali kutoka sianobakteria waliobadilishwa vinasaba limekwisha kukomaa. Bado ni changa, na makampuni kadhaa yanahangaika. Nasema kwamba kama teknolojia hii itafanikiwa, itafanikiwa kwanza upande huo, na mwenye vijiumbe bora ndiye atakayekuwa na sauti.

Hoja ya vijiumbe bora ndiyo kiini cha barua hii. Kwa miaka mingi maabara za dunia zilitegemea aina chache za zamani, na nyingi hukua polepole: saa kadhaa kwa kila kizazi kujigawa. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya India, Bombay, walitangaza aina mpya ya Synechococcus inayojigawa kwa muda wa saa mbili na dakika chache tu katika hali nzuri. Waliitoa Ziwa Powai, lililo pembeni mwa chuo chao jijini Mumbai. Miaka miwili baadaye aina nyingine yenye uwezo wa kujazana kwa wingi wa ajabu ikaelezwa baada ya kutolewa katika maji ya Singapore. Hakuna aliyeviumba viumbe hivyo. Vilikuwepo, na kilichofanyika ni mtu kwenda na chupa, kuchota maji, kuvikuza kimoja kimoja na kuvipima kwa uvumilivu. Maji yenye joto, jua kali na virutubisho tele ndiyo mazingira yanayoelekea kuwa na viumbe wa namna hiyo, na Mungu ametuwekea maji hayo mlangoni. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu kubwa zaidi iko Tanzania. Chuo cha Mumbai kilitumia ziwa dogo la mjini. Sisi tuna la pili duniani kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya maji baridi.

Tena maarifa hayo tunayahitaji hata kama hakuna kemikali moja itakayouzwa. Kati ya miaka ya 1960 na 1990 wingi wa mwani ziwani uliongezeka mara kadhaa, kwa sababu ya mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani, majitaka ya miji na moshi wa kuchoma misitu na nyasi. Sianobakteria wakachukua nafasi ya mwani wa aina nyingine. Baadhi yao, kama Microcystis, hutoa sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo imepimwa katika Ghuba ya Mwanza na katika ghuba ya Kisumu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Mto Kanoni unapita katikati ya mji wetu na kuingia ziwani ukiwa umebeba uchafu wa kata zetu, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa, ndiyo yanayokuza sangara, sato na dagaa. Maabara inayojua kuwatenganisha sianobakteria kwa ajili ya viwanda ni maabara ileile inayoweza kuwaambia watu wa Bukoba na wavuvi wa visiwa vya Muleba ni wiki gani maji ya mwalo fulani yana sumu. Darubini ni moja, na mtaalamu ni yuleyule. Uwekezaji wenye faida hata pale lengo lake la kwanza linapokwama ni uwekezaji ambao nchi yenye fedha chache inapaswa kuutafuta.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Mwaka 1992 vijiumbe vilichukuliwa katika maziwa ya magadi ya Kenya, likiwemo Ziwa Bogoria, na baadaye vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaingia katika sabuni za kufulia na katika viwanda vya kulainisha jinzi, chini ya kampuni ya Genencor. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai haki yake, na mvutano ukawa mrefu. Mwaka 2007 shirika hilo likaingia mkataba na kampuni nyingine, Novozymes, wa kugawana faida. Somo lililo wazi ni kwamba mali isiyoandikwa haidaiwi kirahisi. Itifaki ya Nagoya, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inatupa haki ya kuridhia na kugawiwa faida kabla viumbe vyetu havijatumika. Lakini itifaki haijui kilichomo Ikimba kama sisi wenyewe hatukijui. Rejesta ya vijiumbe iliyo hapa nchini, yenye tarehe, mahali vilipotolewa na vinasaba vyake, ndiyo hati miliki ya kweli. Kila mwaka unaopita bila rejesta hiyo, chupa moja ya maji katika begi la mgeni inatosha kubeba tusichokijua.

Najua pingamizi la kwanza, na nalichukua kwa uzito. Watu wa ziwa hili wana sababu ya kuogopa viumbe vipya. Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya aina za samaki waitwao furu yalikuwa yametoweka au kukaribia kutoweka. Magugumaji yaliingia baadaye, na Mto Kagera unaendelea kuyaleta. Je, sianobakteria aliyebadilishwa vinasaba akiponyoka? Jibu langu la kwanza ni utaratibu: miaka ya mwanzo maabara ishughulike na viumbe wa asili pekee, bila kuwagusa vinasaba. Hakuna hatari mpya katika kumtambua kiumbe aliyekwisha kuwemo majini. La pili ni kwamba uboreshaji ukianza ufanyike katika vyombo vilivyofungwa, mbali na ufuko na mito, na kamwe usifanyike katika mabwawa ya wazi. La tatu ni la kisayansi: inawezekana kukibadili kijiumbe ili kisiweze kuishi katika hewa ya kawaida, kihitaji hewa ukaa nyingi inayopatikana ndani ya chombo tu. Kikitoka, hufa. Hata kinga hiyo isitegemewe peke yake. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilimwekea mtafiti dhima kali; mwaka 2015 zililegezwa kwa majaribio ya utafiti, na sipendekezi zilegezwe zaidi.

Lakini sheria kali haina budi kwenda pamoja na uwazi. Mahindi ya majaribio yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016, na mwaka 2018 serikali ikaamuru majaribio yasitishwe. Awe mtu anaunga mkono uamuzi huo au anaupinga, ukweli ni kwamba mwananchi wa kawaida hakuwahi kuelezwa vizuri kilichopandwa, kwa nini, na kilichogunduliwa. Utafiti unaofanyika nyuma ya ukuta huishia kushukiwa, na ukishukiwa hufungwa. Ndiyo maana nataka wawakilishi wa wavuvi, wa vikundi vya usimamizi wa mialo yetu (BMU), na wa wakulima wawe na viti katika kamati ya maabara tangu siku ya kwanza, wakisomewa taarifa kwa Kiswahili.

Pingamizi la pili linatoka shambani. Mkulima wa vanila wa Bukoba au Muleba anaweza kuuliza kama hatumfundishi mshindani wake kutengeneza ladha ndani ya chupa. Swali hilo ni la haki, na Afrika Mashariki ina mfano wa kulijibu. Wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda walilima artemisia kwa ajili ya dawa ya malaria. Mwaka 2013 Sanofi ilianza kutengeneza malighafi ya dawa hiyo kwa hamira iliyobadilishwa vinasaba katika kiwanda cha Garessio, Italia, na wengi walitabiri kifo cha zao hilo. Ilitokea kinyume: malighafi ya mimea ilishuka bei hadi chini ya ile ya kiwandani, na kiwanda kikauzwa. Hata hivyo sitaki kuutumia mfano huo kumpumbaza mkulima, kwa maana bei hiyohiyo ya chini ilimuumiza na yeye. Kuhusu vanila, sehemu kubwa mno ya vanilini duniani tayari inatengenezwa kwa kemikali za petroli, na vanila ya asili inaishi kwa sababu wanunuzi wanataka jina lake na harufu yake kamili. Teknolojia hii itaendelea Mumbai, Singapore na California, tushiriki tusishiriki. Tukikaa nje, tutapata hasara zake bila faida. Tukiwa ndani, tunaweza kuchagua: maabara yetu iweke kanuni ya kutotafuta mbadala wa zao linalolimwa Kagera, na nguvu zake ziende kwenye bidhaa ambazo leo tunaziagiza kutoka nje.

Pingamizi la tatu ni la umaskini: kwamba mkoa wenye shule zisizo na madawati hauna haki ya kuota kuhusu vijiumbe. Ningekubali kama ningekuwa naomba kiwanda. Ninachoomba ni darubini, majokofu, taa za kukuzia, mtungi wa hewa ukaa, mashua, na vijana kumi wenye shahada wanaolipwa kwa wakati. Kituo cha utafiti cha Maruku kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba sayansi ya migomba inaweza kufanywa hapa, karibu na migomba yenyewe, na ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006 tuliona thamani ya kuwa na wataalamu jirani. Ziwa linastahili heshima ileile.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo manne. Chuo kitangaze kwamba vijiumbe vya maji ya Kanda ya Ziwa ni moja ya maeneo rasmi ya utafiti ya kampasi ya Kagera. COSTECH itenge ruzuku ya miaka isiyopungua mitano, kwa kuwa ukusanyaji wa aina hauwezi kwenda kwa fedha za mwaka mmoja mmoja, na ishikamane na wenzetu wa vyuo vikuu vya Makerere, Uganda, na Maseno, Kenya, ambao wanachota ziwa lilelile. Kila kijiumbe kinachotoka nchini kitoke kwa mkataba ulioandikwa kwa misingi ya Nagoya. Na kwa miaka hiyo mitano, asitokee kiongozi wa kuahidi mafuta ya mwani, wala eka hata moja ya ardhi ya kijiji isitolewe kwa jina la utafiti huu. Ikipita miaka hiyo tuwe na rejesta ya aina mia kadhaa, ramani ya sumu ya mialo yetu na kizazi cha wataalamu wanaojua kusoma na kuandika vinasaba, tutakuwa na haki ya kukaa mezani na kampuni yoyote na kujadiliana kama wenye mali. Bila hivyo tutaalikwa mezani kutia sahihi tu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kata ya Hamugembe,
Manispaa ya Bukoba, Kagera.